Siga ya Tanga Haifi kwa Kiu: Dalili, Visababishi na Namna ya Kuiokoa

Sanduku langu la kwanza la siga niliua mwenyewe. Nilizawadiwa na nahodha mmoja wa meli ya mizigo baada ya wiki nzima ya kuhangaikia makaratasi yake bandarini: siga 25 za Kuba, zimelala kwa safu, jani la nje linang'aa kama ngozi ya mtoto aliyetoka kupakwa mafuta. Nikaliweka juu ya kabati la sebuleni, mgeni akiingia alione. Kisha nikafuata ushauri niliousoma mtandaoni, nikalowesha sponji, nikaikamua kidogo, nikaitia ndani ya sanduku ili siga "zisikauke". Ilikuwa Aprili. Masika yanapiga bati tangu alfajiri, kuta zinatoka jasho, chumvi kwenye kikopo cha jikoni imekuwa uji, na mimi naongeza maji.

Wiki tatu baadaye nilifungua nikakuta manyoya meupe kwenye ncha za siga na harufu ya godoro lililolala nje.

Ushauri mwingi wa siga umeandikwa na watu wanaokaa nchi za baridi, ambako hita ya nyumbani inakausha hewa mpaka midomo inapasuka. Kwao adui ni ukavu. Kwetu Tanga, Pangani, Bagamoyo, pwani yote hii, siga inakufa kwa kulowa. Ukilishika hilo, nusu ya matatizo nitakayoyataja hapa umeshayajua chanzo chake.

Majina kwanza, tusije tukapotezana. Wazee wetu siga huiita biri, lakini biri siku hizi kila mtu ana yake kichwani, kwa hiyo nitasema siga. Upande unaotia mdomoni ni kichwa, nacho kimefunikwa kofia ya jani. Upande unaowasha ni mguu. Ndani kuna majani ya ujazo, yamefungwa kwa jani la kufungia, halafu juu kabisa limezungushwa jani la nje, ambalo ndilo ghali na ndilo linaloonekana.

Kabla ya kulaumu siga, pima hewa ya sanduku

Siga hupenda unyevu wa asilimia 65 hadi 70, na joto la nyuzi 18 hadi 21. Tanga asubuhi ya kawaida unyevu wa nje unapita asilimia 80, na joto la nyuzi 21 mara nyingi tunalipata kwa kiyoyozi tu. Kwa hiyo nunua kipima unyevu, cha dijitali, kile kidogo kinachoenea kiganjani. Vile vya mshale vinavyobandikwa kwenye mfuniko wa masanduku ya mbao ni pambo tu.

Nacho usikiamini mpaka ukijaribu. Chukua kizibo cha soda, jaza chumvi ya mezani, dondoshea maji kidogo sana mpaka chumvi iwe tope, isiyeyuke. Kiweke pamoja na kipima ndani ya mfuko wa plastiki unaofungwa kwa zipu, uweke mbali na feni, acha usiku kucha na mchana wake. Hewa iliyofungiwa na chumvi iliyolowa hutulia kwenye asilimia 75. Kipima kikisoma 71, basi kinadanganya kwa nne, na kila kitakachokwambia baadaye uongeze nne. Changu kilikuwa kinadanganya kwa sita. Miezi yote ile nilidhani sanduku liko 69, kumbe liko 75 na siga zinavimba.

Sanduku lenyewe nalo tuliseme. La mbao ni zuri kwa macho, lakini mbao inapumua, na hewa inayoivuta ni ya bahari. Mimi siga zangu zinakaa kwenye kontena la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, la kuwekea chakula, nimelitandika vibao vya sanduku la nahodha nilivyovisugua vikakauka. Shemeji yangu akiliona hucheka: "Shem, siga ya laki na ushee unaiweka kwenye kontena la pilau?" Naam. Ndani yake natia vipakiti vya kurekebisha unyevu vya asilimia 65, kama vile vya Boveda, ambavyo hutoa unyevu hewa ikikauka na kuunyonya ukizidi. Nchi za baridi kipakiti kinakufa kikiwa kigumu kama biskuti. Tanga kinakufa kikiwa kimevimba kama andazi. Ukikiona hivyo usikitupe, kiache siku kadhaa mezani kwenye chumba chenye kiyoyozi, kitapungua, kirudishe kazini.

Haivutiki

Umekata, umewasha, unavuta mpaka mashavu yanaingia ndani, moshi hauji. Hili ndilo lalamiko ninaloletewa zaidi ya mengine yote.

Anza na mkato. Ukikata kidogo mno umeacha tundu la sindano. Kata kofia peke yake, milimita mbili hivi, juu ya pale kichwa kinapoanza kunyooka. Kama mkato uko sawa, weka siga mdomoni bila kuiwasha, au izime kama imewaka, uvute hewa. Kisha ipapase kwa kidole gumba na cha shahada, kutoka kichwani hadi mguuni, polepole, kama unavyopapasa embe sokoni. Kuna majibu matatu.

Ikiwa laini na inabonyea kama sponji mwili mzima, imelowa. Majani yamevimba na kuziba njia ya hewa. Hapa ndipo ushauri wa mtandaoni unapotuua mara ya pili, maana wanasema iache nje ya sanduku siku mbili tatu ikauke. Ukiiacha nje Chumbageni itanywa maji zaidi. Iweke ndani ya sanduku tupu la mbao, kwenye chumba ambacho kiyoyozi kinafanya kazi, siku mbili au tatu. Kiyoyozi hukausha hewa, ndiyo maana bomba lake linadondosha maji uani. Kama huna kiyoyozi, tumia kontena lenye vipakiti vya 62, lakini hapo subiri wiki, si siku.

Ikiwa mwili mzima ni mgumu kama mpini, kiwandani waliijaza kupita kiasi. Hiyo haina dawa ya kueleweka. Imeshatokea, omboleza, chukua nyingine.

Ikiwa ni laini kote ila sehemu moja kuna fundo, hapo jani limejikunja au kikonyo kimekaa vibaya, nayo inatibika. Kuna vyuma maalumu vya kutoboa, vinauzwa kwa bei ya kuchekesha. Tanga ni mji wa baiskeli. Nilikwenda kwa fundi wa baiskeli Ngamiani nikamwomba spoku moja, anichongee ncha iwe kali na anipindie mkia upande wa pili. Akaniuliza ya nini. Nikamwambia ya kuzibulia siga. Akanitazama, akaendelea kupiga tupa, akasema, "Haya kaka, mji una mambo." Ile spoku niliichemsha, nikaipangusa, na mpaka leo ndiyo chombo changu. Ingiza kichwani katikati kabisa, zungusha huku unasukuma taratibu mpaka upite fundo, kisha itoe vilevile kwa kuzungusha. Usiifyatue, utapasua jani la nje. Pita mara mbili au tatu, ukivuta hewa katikati kujaribu.

Inaungua upande mmoja

Upande mmoja umefika mbali, mwingine bado uko nyuma, siga imekuwa kama ngalawa. Mara nyingi kosa ni la kuwasha. Watu wanaitia mdomoni na kuichoma kama sigara ya kawaida. Ishike mkononi kwanza, mguu ukae juu kidogo ya ncha ya moto bila kuguswa, izungushe mpaka ukingo wote ugeuke mweusi, upulizie uone kama mkaa umeshika kote, ndipo uvute.

Sababu ya pili ni upepo. Raskazone jioni, kusi likivuma kutoka baharini, upande unaokabili upepo huungua haraka, na hakuna uwashaji utakaokuokoa. Geuza kiti. Nasema hivi kwa uzito wote, kwa sababu nimeona mabwana wamevaa vizuri, saa ya dhahabu mkononi, wanapambana na kibiriti dakika kumi badala ya kugeuza kiti.

Sababu ya tatu ni unyevu tena, siga iliyolala upande mmoja karibu na kipakiti ikalowa upande huo tu. Zigeuze kwenye sanduku kila baada ya wiki mbili.

Ikishaanza kupinda, geuza ule upande uliochelewa uwe chini, maana upande wa chini hupata hewa zaidi na kuungua upesi. Dakika chache zikipita bila nafuu, ichome kidogo kwa kibiriti pale palipochelewa.

Kuna ndugu yake mbaya zaidi, katikati panaungua na kuingia ndani kama handaki, jani la nje limebaki zima. Hapo jani la nje limelowa kuliko ujazo, jambo la kawaida ukitoa siga chumba cha baridi ukaenda kukaa nje usiku wenye umande, au unavuta mara chache mno. Kata sehemu iliyobaki tupu kwa kisu kikali, washa upya.

Inazimika kila mara

Imelowa, au unaongea sana. Pafu moja kwa dakika linatosha. Ikizimika si aibu, gonga majivu, ipulizie nje kwanza ili moshi mzee utoke, kisha washa. Ikizimika ukaiacha mpaka kesho, usiirudie.

Jani la nje linapasuka au kubanduka

Huu ndio ugonjwa pekee ambao Tanga unaweza kutokana na ukavu, na mara nyingi ni ukavu tulioutengeneza. Mtu anaweka siga kwenye friji. Friji za kisasa zisizoganda barafu hukausha hewa vikali, siga inatoka imekauka kama jani la mnazi, ukiibinya inalia. Anaitoa, anakwenda kukaa upenuni kwenye hewa ya maji. Jani la nje ni jembamba, linakunywa unyevu na kutanuka kabla ya ujazo, linafunguka. Au kinyume chake, ujazo ulilowa, joto la moto likaufanya uvimbe, jani la nje likashindwa kuubeba likapasuka karibu na moto huku unavuta.

Majani yenyewe hayalingani. Jani la Kamerun, lile la kahawia lenye vichunusi vidogo, ni zuri kwa ladha lakini ni jepesi kudhurika. Majani mazito meusi hustahimili zaidi.

Ufa mdogo karibu na mguu uache, moto utaupita. Ufa karibu na kichwa unavuja hewa, hapo chukua gundi ya kulika isiyo na harufu, ipake kwa ncha ya kidole, bana kwa dakika mbili. Ukiwa huna, mate yanatosha kufika nusu ya siga. Pete ya karatasi iliyozunguka siga nayo huwapa watu ajali. Usiibandue siga ikiwa baridi, subiri moto uikaribie, joto litalegeza gundi na pete itatoka bila kuchukua jani.

Chungu, au inachoma ulimi

Unavuta haraka. Siga ikipata moto kupita kiasi inakuwa chungu, hata ya bei gani. Iweke chini dakika mbili.

Kama uchungu umeanza tangu pafu la kwanza, angalia ulichowashia. Vibiriti vya petroli na mishumaa huacha harufu, tumia vya gesi. Njiti ya kibiriti ni sawa, ila acha kichwa chake kiungue kwanza kabla ya kuisogeza. Kama ni uchungu unaopanda puani kama harufu ya mkojo, hiyo ni amonia, tumbaku haijatulia. Majani ya siga hukaushwa kwa hewa bandani kisha hurundikwa yachachuke kwa miezi, tofauti na tumbaku yetu ya mvuke ya Tabora inayokwenda kwenye sigara. Siga iliyotoka upesi kiwandani bado ina amonia ndani. Irudishe sandukuni miezi mitatu au sita.

Ina harufu isiyo yake

Siga hunyonya harufu kama mchele. Ami yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akificha zake ndani ya kasha la nguo, lile ambalo shangazi anafukizia udi na kutia vidonge vya nondo. Ukiwasha ilikuwa kama kuvuta arusi. Alikuwa anasema ndiyo siga za zamani zilivyokuwa, na hakuna aliyethubutu kumbishia.

Kama unachongesha sanduku, usikubali mkafuri wala mbao yoyote inayonukia, na ndani kusipigwe vanishi. Mbao inayosifiwa duniani kwa kazi hii ni msederela, Cedrela odorata, mti wa Amerika ya Kitropiki ulioletwa ukapandwa hapa nchini. Kwenye Msitu wa Kimboza kule Morogoro umeenea hadi kuhesabiwa mti vamizi. Ukiipata iliyokauka vizuri, chukua. Ukiikosa, mkangazi ni wa ukoo mmoja nao na hauna harufu kali.

Weupe juu ya siga

Wapo watakaokwambia unga mweupe ni dalili ya siga kukomaa vizuri. Hapa pwani chukulia ni ukungu, basi. Mweupe, mkavu, uko juu ya jani la nje tu, unaweza kuufuta kwa kitambaa kikavu na kuitenga siga hiyo. Wa kijani au bluu, au wowote uliokaa mguuni maana yake umeingia ndani, tupa. Mimi nilitupa 19 kati ya zile 25, na bado naikumbuka ile hesabu.

Vitundu, na unga wa kahawia chini ya sanduku

Kitundu cha duara, upana wa kichwa cha pini, kimetobolewa safi kama kwa kekee ndogo. Huyo ni mdudu wa tumbaku, Lasioderma serricorne, kombamwiko hahusiki. Mayai yake huja na siga yenyewe tangu ilikotoka, hayaonekani kwa macho. Kwenye baridi chini ya nyuzi 18 hivi hazaliani. Joto la Tanga kwake ni peponi, usiku na mchana, mwaka mzima, na mmoja anatosha kumaliza sanduku.

Kwa hiyo kila siga inayoingia nyumbani kwangu, hata ya zawadi, hata iliyofungwa plastiki, inapita friza kwanza. Ifunge kwenye mifuko miwili ya zipu, hewa yote itoke, maana friza ina changu na pweza na siga itavinusa. Nyuzi 18 chini ya sifuri, wiki nzima. Watu hutosheka na siku tatu au nne, lakini umeme ukikatika katikati hesabu inaharibika, na hujui ulikatika saa ngapi. Kisha ihamishie kwenye friji siku moja, bado ikiwa mfukoni, halafu mezani siku nyingine kabla ya kuufungua mfuko. Ukiruka hatua hizo, jani la nje linapasuka na umande unaganda juu yake. Zilizokwisha tobolewa zitupe, lipangusie kontena siki, lianike juani.

Huenda si siga uliyoambiwa

Inapukutika, inaungua kama gazeti, ndani ukiipasua unakuta vipande vipande badala ya majani marefu. Niliwahi kuuziwa Cohiba kwenye sanduku lenye kifuniko cha kioo, muuzaji akaapa kwa jina la mama yake. Cohiba ya kweli haijawahi kuuzwa kwenye sanduku la kioo. Sanduku la Kuba hupigwa chini, kwa chuma cha moto, maneno "Hecho en Cuba", na lina utepe wa dhamana wa kijani na nyeupe. Nikaragua, Jamhuri ya Dominika na Honduras wanatengeneza siga nzuri sana zisizoghushiwa kwa wingi hivyo. Kwa pesa yako mwenyewe, anzia huko.

Kichwa kinazunguka, jasho baridi, kichefuchefu

Hii ni nikotini. Siga moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara, na moshi wake hupitisha nikotini kwenye ngozi ya mdomo hata usipoumeza. Ndiyo maana anayejigamba kwamba "simezi" naye anaangukia. Na kutomeza hakuondoi saratani ya mdomo, koo na umio. Sikufichi hilo, wala sheria ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 haikuacha mlango kwa aliye chini ya miaka 18.

Chanzo karibu kila mara ni tumbo tupu. Shemeji yangu, yule wa kontena la pilau, alikuja Jumamosi moja kutoka safarini, hajala, akachagua ile nene kuliko zote kwa sababu ndiyo ilionekana ya kitajiri. Nusu ya siga, akanyamaza. Akawa wa rangi ya muhogo uliomenywa.

Ukifika hapo, weka siga chini, usijikaze. Kaa, inama mbele kidogo, pumua hewa safi, kunywa kitu chenye sukari, juisi ya miwa au chai iliyokolea sukari, na tafuna kashata. Kwa kawaida inapita ndani ya nusu saa au zaidi kidogo. Ukitapika mfululizo, moyo ukienda mbio au ukipoteza fahamu, hapo ni hospitali. Shemeji alimaliza kashata tatu, akalala kwenye mkeka upenuni, na siga yake ikajizimikia kwenye kisahani.